Bolti ya Katikati

Asubuhi hiyo nilikuwa kwa shamba la Mbarak nikitafuta visiki. Baba alikuwa amenipea mzigo wa fito na vitambaa vyekundu, na kazi yangu ilikuwa kupita kwa nyasi ndefu pole pole. Nikikanyaga kisiki ama jiwe kubwa, nasimamisha fito hapo ndio yeye akija na trekta aone. Umande ulikuwa umenilowesha mpaka kiunoni. Shule zilikuwa zimefungwa, na kazi kama hiyo naipenda kwa sababu hakuna mtu unalazimika kuongea naye.

Shida ni kwamba Mbarak hakungoja nimalize. Mbarak ana bucha hapa Ruiri, na alikuwa anataka hilo shamba lifyekwe, halafu Baba amlimie kabla mvua ya Oktoba, apande nyasi ya ng'ombe wake. Alikuja na pikipiki, akaegesha kwa njia, akaangalia fito zangu.

"Kaimenyi, kwani leo ni harusi? Mimi naona mapambo tu."

"Mtoto anatafuta visiki," Baba akasema.

"Visiki viko. Mimi mwenye shamba nimekuambia viko. Sasa twende kazi, nimeacha mbuzi wamefungwa."

Baba hapendi kuharakishwa mbele ya watu. Alipanda trekta, akaongeza moto wa injini mpaka moshi mweusi ukatoka, halafu ndio akaingiza slasha. Slasha ni ile mashine ya kufyeka, chuma pana kama meza ya kanisa, inavutwa nyuma ya trekta na visu viko chini yake. Inazungushwa na shafti, chuma kirefu kinachotoka kwa trekta. Ukiiingiza na moto ukiwa juu hivyo, inashtuka. Na ilishtuka. Kitu kikalia tak, visu vikasimama, trekta ikabaki ikinguruma bure.

"Imekatika," Mbarak akasema, kama mtu aliyekuwa anaingoja. Halafu akanigeukia mimi. "Makandi, weka fito hapo pia."

Niliangalia viatu vyangu.

Kile kilichokatika ni bolti. Iko moja tu kwa hiyo shafti, ndogo, haishindi kidole changu cha mwisho, na msimu huo wote ilikuwa inakatika hivyo. Inakatika, kazi inasimama, na Baba anaanza kutafuta mtu wa kununua ingine. Hapo ndipo penye maneno, kwa sababu trekta ni ya Baba lakini slasha ni ya Anko Kathuri, ndugu yake mdogo, ambaye ana duka la mabati huko Karurumo. Walikubaliana trekta ikiharibika ni juu ya Baba, na slasha ikiharibika ni juu ya Anko. Shafti iko katikati.

&nbsp;

Tulienda kwa Zuleka, mama anayeuza spea pale karibu na stendi. Baba aliweka bolti iliyokatika kwa kaunta, vipande viwili.

"Zuleka, hizi vitu zako ni feki."

"Baba Makandi, hiyo bolti imetengenezwa ikatike."

Baba akawageukia watu waliokuwa wamekaa kwa benchi. "Mmesikia? Anauza kitu ya kukatika na anasema waziwazi."

"Inakatika ndio trekta yako isikatike," Zuleka akasema. "Kisu kikigonga kisiki, lazima kitu kitoe. Sasa wewe unataka itoke bolti ama itoke gia?"

"Wewe unauza bolti. Utasema nini tena? Hata anayeuza mafuta taa hatakuambia ulale mapema."

Watu walicheka. Zuleka hakucheka. Alitoa kopo, akachagua bolti moja, akaifuta kwa leso yake. "Anza na moto chini. Ingiza slasha polepole, ikishazunguka vizuri ndio uongeze. Kuna mteja wangu hununua hizi mara moja tu msimu mzima."

"Huyo anafyeka ukoka wa kanisa."

"Nikupe ngapi?"

Baba aliishika hiyo bolti. Aliigeuza mkononi, akaijaribu kwa ukucha kama mtu anayepima kama mahindi imekauka. Nikajua tunarudi shamba, kazi itaendelea. Halafu akairudisha kwa kaunta.

"Hii si ya kununua mimi," akasema. "Shafti ni ya Kathuri."

"Kwa hivyo mnarudi bure?" Zuleka aliniuliza mimi, si yeye. Nikasema asante. Tukatoka.

Alimpigia Anko tukiwa pale nje, simu ikiwa kwa spika kubwa, kwa sababu ile spika ya sikioni ilikufa. Kila mtu wa stendi alisikia.

"Bolti imekatika," Baba akasema.

"Nunua," Anko akasema.

"Nunua wewe. Shafti ilikuja na slasha."

"Slasha inaanzia kwa giaboksi yake, Kaimenyi. Mbele ya hapo ni mambo ya trekta. Mimi ningekuwa na trekta ningekuwa nakuuliza?"

"Hivyo ndivyo ulisema kwa klachi."

"Na nilisema vibaya? Uliona wapi slasha ina klachi? Klachi ni kitu ya trekta."

Mambo ya klachi yalikuwa ya mwaka uliopita. Shafti ya kwanza haikuwa na bolti, ilikuwa na klachi, yaani sahani za chuma zimebanwa na springi. Slasha ikigonga kitu, hizo sahani zinateleza kidogo, zinapunguza nguvu, hakuna kitu kinavunjika. Lakini inataka msimu ukianza ifunguliwe, ilegezwe, itelezeshwe kidogo itoe kutu, halafu ikazwe vile inatakikana. Na ikilala, ifunikwe. Nani aifungue? Baba alisema ni ya Kathuri. Anko alisema iko kwa nyumba ya Kaimenyi. Ililala nje mvua yote ya Aprili, karibu na banda la kuku. Gitobu, fundi wetu, alipoifungua alikuta sahani zimeshikana kama chapati zimewekwa kwa mfuko zikiwa moto. Ndio akawatafutia shafti ingine ya mkono wa pili, hii ya bolti.

"Kesho nakuja," Anko akasema kwa simu. "Nataka tumalize hii maneno. Nakuja na bolti ambayo hutanipigia tena."

&nbsp;

Anko Kathuri ni mtu msafi. Alishuka kwa pikipiki akiwa ameshika viatu juu, akatafuta mahali hakuna matope. Mama alimpa stuli na chai. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwa gazeti, na hakukifungua mpaka Gitobu alipofika na drili.

Bolti yenyewe ilikuwa nyeusi, nene, na kichwa chake kilikuwa na alama.

"Hii ni ya lori," Anko akasema. "Inashikilia springi ya lori ya mchanga. Tani na tani. Sasa niambie, nyasi ya Mbarak itaikata?"

Baba aliipima uzito kwa mkono. Niliona uso wake umelegea. Nafikiri alikuwa amechoka kusimamishwa katikati ya kazi, amechoka na Mbarak na mbuzi zake, amechoka kurudi kwa Zuleka na vipande viwili kwa mfuko. Hapa tumezoea kuuziwa vitu vibaya. Kitasa kinavunjika, waya ya stima inaungua, mbolea inakuwa mchanga. Mtu akikuambia amekuuzia kitu ivunjike makusudi, utamuamini aje? Baba alikuwa ameshika kitu kizito mkononi, na kizito ndio kizuri.

"Haiingii kwa tundu," Gitobu akasema.

"Si ndio umekuja na drili," Anko akamjibu.

"Mimi natoboa tu. Mkisema nitoboe, nitatoboa."

Mama alikuwa anachambua maharagwe kwa sinia. Hakuinua kichwa. "Na hiyo ikikataa kukatika, ni nini itakatika?"

"Hakuna," Anko akasema.

"Kathuri, mimi nimefanya kazi kwa posho mill, nikisaga unga, miaka mingi. Mkanda ukiteleza ni kelele. Mkanda ukikazwa sana, siku moja unang'oa puli na ukuta."

"Mama Makandi, si uombe mambo mazuri mara moja."

"Siombi. Nauliza. Nyinyi wawili mnagombania bolti kama mpaka wa shamba, na hakuna mmoja wenu ashawahi kuipaka grisi hiyo shafti."

Hayo ya mpaka ni kweli. Guka, baba yao, alipowagawia shamba, kulikuwa na muhuru, mti mkubwa wa mbao, umesimama katikati kabisa. Waliukata, wakaupasua kwa urefu, kila mtu akachukua upande wake. Mbao za upande mmoja hazikutosha kitu, za upande mwingine pia. Ziko mpaka leo, zimeoza kwa paa ya banda.

Gitobu alitoboa. Vumbi la chuma likaanguka kwa majani. Anko alichomeka bolti, ikaingia imekaza vizuri, na Baba akachukua spana akaifunga, akaegemea na mwili wote.

"Sasa tuambieni," Mama akasema. "Hii nayo ni ya nani?"

"Ni yangu, nimeileta," Anko akasema.

"Na nimefunga mimi," Baba akasema.

Wakaangaliana, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Anko akamwaga chai kwa suruali yake ya kitambaa, na hata hakuifuta. Tangu ile klachi nilikuwa sijawaona wakicheka pamoja. Walizungumza Kimeru cha nyumbani, kile cha haraka wanachoongea wakiwa wawili tu, wakatajana majina ya utotoni. Niliondoka na vikombe nikiwa nimefurahi, na Mama akanifuata jikoni na sinia yake.

&nbsp;

Siku iliyofuata nilichukua fito zangu, Baba akaniambia niziache.

"Na hii bolti tutafute visiki vya nini? Visiki ndio vitutafute."

Nilienda tu kubeba maji ya kunywa. Na kusema ukweli, kazi ilienda. Slasha ilikuwa inakula nyasi, vichaka, hadi miti midogo ya miiba ya unene wa mkono. Ikigonga jiwe ililia, cheche ikaruka, ikaendelea. Mbarak alikuja na pikipiki akasimama akaangalia, akatikisa kichwa.

"Sasa hii ndio kazi," akasema. "Juzi nilikuwa naona sarakasi."

Baba alimpungia mkono akiwa juu ya trekta kama mtu anapita kwa gari la harusi. Alikuwa amekaa wima. Nilimwona akiangalia nyuma kwa slasha, halafu mbele, halafu nyuma tena, kama haamini bado inazunguka.

Mama alileta githeri saa ya kula, Baba akala akiwa amesimama na injini ikiwaka. Alisema akimaliza hapa leo, kesho anaingia kwa mzee mwingine, na wiki ijayo anafunga jembe, aanze kulimia watu wanaotaka mapema. Sisi chakula chetu ni kulima kwa Oktoba. Hiyo miezi mingine tunangoja tu. Watu wa Ruiri wote wanataka kulima wiki moja, na anayeonekana na trekta nzima ndiye anaitwa.

Kisiki kilikuwa upande wa chini, kwa nyasi ndefu karibu na ua. Kilikuwa cha mti wa zamani, mweusi, kimekatwa chini kabisa.

Sauti haikuwa ile tak. Ilikuwa kama mtu ameangusha mlango wa chuma ndani ya tumbo la trekta. Trekta yote iliruka, Baba akashika usukani na mikono miwili, ikalia kitu kama kusaga mawe halafu ikazima. Slasha ilikuwa imetulia nyuma. Chini ya trekta kitu kilianza kudondoka, polepole, cheusi, kwa nyasi iliyokatwa.

Baba hakushuka haraka. Alikaa pale juu. Halafu akashuka, akapiga magoti, akaangalia shafti. Bolti ilikuwa mahali pake. Haikuwa hata na mkwaruzo.

Mbarak alivua kofia akajipepea. Safari hii hakufanya mzaha. Nilitamani angefanya.

&nbsp;

Trekta ilivutwa mpaka nyumbani. Gitobu alifungua kifuniko cha nyuma, akaingiza mkono mpaka kwa kiwiko, akatoa kitu akakiweka kwa gunia. Akatoa kingine. Yalikuwa meno ya gia.

"Hapa pa kutoa nguvu ya shafti pamekwisha," akasema. "Na vipande vimeingia kwa gia zingine. Sitadanganya, hii lazima niigawanye katikati."

"Kulima?" Baba akauliza.

"Kulima nini, mzee?"

"Nauliza nitalima?"

Gitobu alifuta mikono kwa suruali. "Hata nikipata gia, na sijui nitapata wapi ya hii modeli, watu watakuwa wanapalilia."

Baba aligeuka akanikuta nimesimama na taulo aliyoniagiza. Akaichukua, akaifuta mikono ambayo haikuwa michafu.

Anko alifika kesho yake asubuhi na lori ndogo aina ya kanta. Baba alikuwa amemwambia kila kitu kwa simu, na alipoona hiyo kanta inaingia alitoka mpaka kwa geti, akafungua geti mwenyewe. Alidhani ndugu yake amekuja na gia. Mimi pia nilidhani.

Anko alipita kando ya trekta. Aliinama kwa slasha, akazungusha visu na mkono. Vikazunguka laini. Akasikiliza giaboksi, akazungusha tena.

"Mashine yangu haina shida," akasema.

"Mashine yako haina," Baba akasema.

"Kuna mtu huko Karurumo anaitwa Nyaga, ako na trekta. Ananingojea kesho. Si tuibebe tu saa hii na shafti yake."

Mama alitoka jikoni akasimama kwa mlango. Majirani wawili walikuwa wamekuja kuangalia trekta iliyofunguliwa, sasa wakaangalia chini.

"Kathuri," Baba akasema, "na trekta?"

"Tulisemaje? Cha mtu kikivunjika ni chake."

"Bolti ulileta wewe."

"Na ukafunga wewe."

Walisema hayo kwa sauti ya chini, kama watu wanaosalimiana. Hakuna aliyecheka. Anko alikuwa mwekundu macho, na sitasema hakuumia, kwa sababu alijaribu kumwambia Mama kitu kuhusu deni la mabati na watoto wake, na Mama akaingia ndani katikati ya maneno.

Kuipakia slasha ilishinda vijana wa kanta. Iliinama upande mmoja, ikataka kuangukia mtu, na Baba akaenda akaweka bega lake. Alisukuma ikapanda. Alifunga hata kamba moja. Halafu akasimama hapo akiangalia geti ambalo alilifungua mwenyewe, na kanta ikatoka.

Mchana Mbarak alileta matumbo kwa karatasi. Alisema ni ya watoto. Alisema pia hana ubaya, lakini ile sehemu iliyobaki na kulima kwenyewe amepatia mtu wa Timau, kwa sababu mvua haingoji. Baba alimwambia ni sawa. Alimshukuru kwa matumbo mara mbili.

&nbsp;

Jioni, kabla ya chakula, Baba aliniita nje. Trekta ilikuwa imegawanywa, nusu ya mbele imeegemea magogo, nusu ya nyuma iko kivyake, na yeye alikuwa amekaa kwa ndoo katikati ya hizo nusu mbili.

"Leta simu ya mama yako. Andikia Kathuri."

Yeye haandiki ujumbe. Anasema herufi ni ndogo na vidole vyake vina mafuta. Nilifungua WhatsApp, nikangoja.

"Andika: Kathuri, wewe si mtu."

Niliandika.

"Ongeza, baba angekuwa hai asingekutambua."

Niliandika hiyo pia, polepole, nikitumaini atabadilisha. Aliniambia nisome. Nilisoma kwa sauti ndogo, akasema nisome vizuri, nikasoma tena. Alisikiliza akiwa ameangalia tundu kubwa pale nyuma ya trekta.

"Futa."

Nilifuta.

Akakaa. Kuku walikuwa wanaingia bandani. Mama alipita na kuni, akatuangalia, akaendelea.

"Huyo Nyaga unamjua?" akaniuliza.

"Hapana."

"Trekta yake ni ndogo kuliko hii. Niliiona siku ya mazishi ya Muchangi. Kidogo hivi." Alionyesha na mkono, kama anaonyesha urefu wa mtoto. "Kathuri hatamwambia. Hata hajui kama kuna kitu ya kuambia. Ameona tu mashine yake iko sawa."

Nilijua haongei na mimi.

"Andika," akasema. "Kathuri, ile bolti ya lori iko bado kwa shafti. Itoe kabla ya kesho. Lile tundu limepanuliwa, kwa hivyo tafuta shafti ingine kwanza. Zuleka anajua bolti ya ukubwa wake. Uweke ile laini, ya kukatika. Na umwambie Nyaga aanze na moto chini."

Niliandika yote. "Nimalizie na nini?"

"Malizia hapo."

"Niseme Mungu akubariki?"

"Nimesema malizia hapo."

Nilituma. Tiki moja, halafu mbili. Baba alisimama akaja nyuma yangu, ananukia oili, akainama kwa skrini. Tulikaa hivyo. Tiki zikageuka bluu.

"Hiyo ni nini?"

"Amesoma."

"Haya." Akangoja. "Anaandika?"

Pale juu, chini ya jina la Anko, palionyesha yuko online tu. Palikaa hivyo muda, halafu pakabaki tupu.

"Labda network," nikasema.

"Labda," Baba akasema, akarudi akakaa kwa ndoo. "Usiizime hiyo simu."